Utando wa dawa unaonata shavuni: Njia mpya ya kuzima degedege, na kwa nini si rahisi kuutengeneza

Dakika 5. Huo ndio mpaka.

Mtu akipatwa na shambulio la kifafa, akakakamaa na kutetemeka mwili mzima, mara nyingi huwa linaisha lenyewe ndani ya dakika 2 au 3. Likivuka dakika 5, uwezekano wa kuisha bila dawa unapungua. Likifika dakika 30, ubongo wenyewe uko hatarini kupata madhara ya kudumu. Viwango hivyo viwili vilipangwa mwaka 2015 na ILAE, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, na ndivyo madaktari wanavyovitumia hadi leo.

Sasa tatizo liko hapa: ndani ya dakika hizo 5, mgonjwa hayuko na daktari. Yuko nyumbani, darasani, shambani au ndani ya daladala. Aliye karibu naye ni mama, dada, mwalimu au kondakta.

Je, mtu huyo atampa dawa gani, na kwa njia ipi?

Kidonge hakiwezekani, kwa sababu mgonjwa hajitambui na hawezi kumeza. Sindano ya kwenye mshipa inahitaji nesi mwenye mkono uliozoea, tena mgonjwa anatetemeka. Kwa miaka mingi jibu limekuwa moja: dawa ya diazepamu inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa.

Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini ni nani atamvua suruali kijana wa kidato cha tatu mbele ya darasa zima? Ni mwalimu gani atakubali kuifanya kazi hiyo? Wengi hawafanyi. Wanasubiri, na dakika zinakwenda.

Ndiyo maana wafamasia katika nchi mbalimbali wamekuwa wakihangaika na wazo moja linaloonekana dogo: utando mwembamba kama karatasi, mdogo kama stempu, wenye dawa ndani yake. Unauweka upande wa ndani wa shavu, unanata hapo hapo, na dawa inaingia kwenye damu bila mgonjwa kumeza kitu.

Kwa nini shavu?

Ukipitisha ulimi ndani ya shavu lako utahisi ngozi laini yenye unyevu. Chini yake kuna mishipa mingi midogo ya damu, na hiyo ndiyo inayowavutia wafamasia.

Dawa unayomeza ina safari ndefu. Inakwenda tumboni, kisha kwenye utumbo, halafu damu inaipeleka kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini kazi yake ni kusafisha, kwa hiyo baadhi ya dawa huvunjwa pale pale kabla hazijafika zinakotakiwa. Midazolamu ni mfano mzuri: ukiimeza, zaidi ya nusu yake inaweza kupotea njiani.

Damu inayotoka shavuni haipiti kwenye ini kwanza. Inashuka kupitia mshipa mkubwa wa shingoni na kuingia moja kwa moja kwenye moyo, na kutoka hapo inasukumwa hadi kwenye ubongo. Yaani shavu ni njia ya mkato.

Zaidi ya hapo, shavu linafikika. Huhitaji kumvua mtu nguo, huhitaji sindano, na mgonjwa akiwa amekaza meno bado kuna nafasi kati ya fizi na shavu.

Kilichoonekana Mulago

Wazo la kupitisha dawa ya degedege shavuni limeshapimwa kwa wagonjwa halisi, na mojawapo ya tafiti kubwa ilifanyika hapa hapa Afrika Mashariki.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 330 waliofika wakiwa na degedege lililozidi dakika 5. Nusu yao, watoto 165, walipewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa. Wengine 165 waliwekewa midazolamu ya majimaji ndani ya shavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Dawa ilishindwa kwa asilimia 43 ya watoto waliopewa diazepamu kwa njia ya nyuma. Kwa waliowekewa midazolamu shavuni, ilishindwa kwa asilimia 30. Wengi wa watoto hao, karibu thuluthi mbili, walikuwa na malaria. Kwa wale ambao hawakuwa na malaria tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kushindwa kwa asilimia 56 dhidi ya asilimia 27.

Miaka mitatu kabla ya hapo, utafiti wa hospitali kadhaa za Uingereza ulikuwa umeonyesha picha inayofanana. Huko, midazolamu ya shavuni ilizima degedege kwa muda wa kati wa dakika 8, wakati diazepamu ya njia ya haja kubwa ilichukua dakika 15.

Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliidhinisha midazolamu ya shavuni iitwayo Buccolam kwa watoto wa kuanzia miezi 3. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo limeiweka midazolamu ya aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Basi kama majimaji yanafanya kazi, utando wa nini tena?

Majimaji yana tabia zake

Jaribu kumwekea maji shavuni mtu ambaye kichwa kinatikisika, mate yanatoka na meno yameuma kwa nguvu. Sehemu ya dawa inamwagika shingoni. Sehemu nyingine inamezwa, na ikimezwa inarudi kwenye ile safari ndefu ya tumbo na ini. Ukimimina haraka mno, kuna hatari ya kupaliwa.

Halafu mwili wenyewe unaisukuma dawa nje. Mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Kila yanapomezwa, yanabeba chochote kilichoko mdomoni.

Kwa hiyo hesabu inakuwa ngumu. Umeweka miligramu 10, lakini zimeingia ngapi?

Utando unaonata unajaribu kuondoa maswali hayo. Kipimo kimeshakatwa kiwandani, hakimwagiki, na kinabaki pale ulipokiweka.

Unanata vipi mahali penye mate?

Hapa ndipo penye ufundi. Gundi ya kawaida haishiki mahali palipolowa. Utando huu unafanya kinyume: unahitaji unyevu ili unate.

Ngozi ya ndani ya shavu imefunikwa na ute. Sehemu kubwa ya ute huo ni maji, lakini ndani yake mna protini ndefu zilizojisokota kama nyuzi, ziitwazo musini. Nyuzi hizo ndizo zinazoufanya ute uvutike.

Utando nao umetengenezwa kwa nyuzi ndefu za kemikali, yaani polima. Zinazotumika sana ni zile zinazotokana na selulosi ya mimea. Nyingine ni alijineti, inayotoka kwenye mwani wa kahawia, na kitosani, inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa.

Utando ukigusa shavu, mambo matatu hutokea mfululizo:

• Unanyonya unyevu na kuanza kuvimba, nyuzi zake zikalegea.

• Nyuzi hizo zinapenya kati ya nyuzi za ute, zikachanganyikana kama nywele mbili zilizosukwa pamoja.

• Kemia inakaza fundo. Kitosani, kwa mfano, ina chaji chanya na musini ina chaji hasi, kwa hiyo zinavutana.

Ukivimba kidogo mno, hautanata. Ukivimba kupita kiasi unageuka uji, unateleza na kumezwa. Mtengenezaji anatafuta sehemu ya katikati, na sehemu hiyo ni nyembamba.

Jinsi unavyotengenezwa

Njia inayotumika zaidi kwenye maabara inafahamika kwa yeyote aliyewahi kupika uji na kuuacha upoe hadi ukaweka ngozi juu.

Kwanza polima inakorogwa kwenye maji, au maji na spiriti, mpaka iwe nzito na isiyo na madonge. Kisha inaongezwa glisirini au kilainishi kingine. Bila hicho utando ukikauka utavunjika kama chipsi. Dawa inayeyushwa na kuchanganywa humo.

Mchanganyiko unaachwa utulie ili mapovu ya hewa yatoke. Usidharau hatua hii: povu moja likibaki ni tundu kwenye utando, na tundu maana yake ni kipimo pungufu.

Baada ya hapo unamiminwa kwenye sahani bapa ya kioo, unakaushwa taratibu kwenye oveni ya joto dogo, unabanduliwa na kukatwa vipande.

Hesabu yake ni rahisi lakini haisamehe. Sahani ya kipenyo cha sentimita 9 ina eneo la karibu sentimita za mraba 64. Kipande cha sentimita 2 kwa 2 kina eneo la sentimita za mraba 4. Ukitaka kila kipande kibebe miligramu 5, lazima uweke miligramu 80 kwenye sahani nzima, na zisambae sawasawa kila mahali.

Kusambaa huko ndiko kunakosumbua. Umeona doa la kahawa likikauka mezani? Pembeni linakuwa jeusi, katikati linafifia. Dawa nayo inapenda kukimbilia pembeni wakati maji yanakauka. Meza isipokuwa sawa, upande mmoja unakuwa mnene. Kwa dawa ya kifafa kosa hilo linamaanisha kwamba mtoto mmoja atapata kipimo pungufu na degedege liendelee, na mwingine atapata kilichozidi apumue kwa shida.

Mitihani kabla ya kugusa mdomo wa mtu

Utando uliokauka vizuri bado haujawa dawa. Unapitia mitihani kadhaa:

• Unene na uzito. Vipande vinapimwa kimoja kimoja kuona kama vinafanana.

• Kiasi cha dawa. Kwa kawaida kila kipande kinatakiwa kiwe kati ya asilimia 85 na 115 ya kipimo kilichokusudiwa.

• Kukunjwa. Kipande kinakunjwa mahali pamoja tena na tena mpaka kikatike. Kinachohimili mara 300 huhesabiwa kuwa kizuri.

• Uchachu. Juu ya utando pasiwe pakali, la sivyo shavu litaungua.

• Nguvu ya kunata. Kipande cha shavu la mbuzi au nguruwe kutoka machinjioni kinawekewa utando, kisha unavutwa na mashine ili kupima nguvu inayohitajika kuubandua.

• Kupenya. Shavu hilo hilo hutumika kama ukuta kati ya vyumba viwili vya kioo. Dawa inawekwa upande mmoja, na kila baada ya muda watafiti wanapima iliyovuka upande wa pili.

• Kuvumilia joto na unyevu. Vipande vinafungiwa kwa miezi 6 kwenye kabati lenye nyuzi joto 40 na unyevu wa asilimia 75.

Mtihani huo wa mwisho ni wa kuangaliwa sana kwa nchi zetu. Kitu kilichotengenezwa ili kipende unyevu kitapata shida Mombasa, Tanga au Unguja mwezi Aprili. Kisipofungwa vizuri, kila kipande peke yake ndani ya karatasi ya alumini, kitanata kwenye pakiti kabla hakijafika shavuni.

Kushika sana au kuachia haraka?

Mvutano mkubwa katika kazi hii ndio huu. Nyuzi zinazoufanya utando ushike vizuri ndizo hizo hizo zinazoifungia dawa ndani. Ukiongeza polima nzito, utando unanata kwa saa nzima, lakini dawa inatoka kwa kuvuta miguu. Ukipunguza, dawa inatoka upesi, ila utando unayeyuka na kumezwa.

Kwa dawa ya kumeza kila siku, kutoka polepole ni jambo jema. Wapo watafiti wanaojaribu tando za dawa za kifafa za kila siku, zinazoachia dawa kwa saa kadhaa. Baadhi huongeza tabaka la pili lisilopitisha maji kwa nje, ili dawa iende upande wa shavu tu na isipotee kwenye mate.

Kwa dawa ya dharura ni kinyume. Kila dakika ina gharama.

Dawa zenyewe nazo zina ukaidi wake. Diazepamu inapenda mafuta, na hilo linaisaidia kupenya kwenye ngozi ya shavu na baadaye kwenye ubongo. Lakini haipendi maji. Lita moja ya maji inayeyusha kama miligramu 50 tu. Maana yake, miligramu 10 zinahitaji mililita 200, glasi nzima, wakati mdomoni kwa wakati mmoja hakuna mate hata ya kujaza kijiko kidogo.

Ndiyo maana watengenezaji huitawanya diazepamu ndani ya polima ikiwa katika chembe ndogo mno, au huichanganya na viyeyushi, ili izidi kuyeyuka kila sehemu nyingine inapovuka kwenda kwenye damu.

Midazolamu ina akili yake. Kwenye majimaji yenye uchachu, molekuli yake inafunguka na kuyeyuka kwenye maji. Ikikutana na mazingira ya mwili yasiyo na uchachu inajifunga tena, inapenda mafuta na kupenya. Hiyo ndiyo sababu imefaa sana kwa majimaji ya shavuni.

Na si kila dawa inaweza kuwa utando. Kipande kidogo kinabeba miligramu chache tu. Valproeti, ambayo mgonjwa hunywa mamia ya miligramu kwa siku, ingehitaji utando mkubwa kuliko mdomo.

Kutoka maabara hadi sokoni

Tando za dawa za kifafa si ndoto. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha Sympazan, utando wenye klobazamu. Lakini huo unawekwa juu ya ulimi, unayeyuka na kumezwa, tena ni wa matumizi ya kila siku. Haukusudiwi mtu aliyekwisha kuanguka.

Wa dharura ni Libervant, utando wa diazepamu unaonata ndani ya shavu. Safari yake inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe.

Mwaka 2020 FDA iliukataa kwa mara ya kwanza. Sababu haikuwa kwamba haunati. Ni kwamba kwa wagonjwa wa uzito fulani, dawa iliyoonekana kwenye damu ilikuwa chini ya iliyotarajiwa. Ikabidi mpangilio wa vipimo kulingana na uzito upangwe upya.

Mwaka 2022 mamlaka hiyo ikasema utando umefuzu, lakini ikatoa idhini ya muda tu. Kikwazo safari hii kilikuwa cha kisheria: dawa shindani ya diazepamu ya kupuliza puani, Valtoco, iliyoidhinishwa mwaka 2020, ilikuwa na haki ya kulindwa sokoni kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024 mlango ukafunguliwa kwa kundi dogo, watoto wa miaka 2 hadi 5, ambao wakati huo Valtoco haikuwa imeidhinishwa kwao. Hata hapo mvutano kuhusu haki hizo haukuisha.

Jambo jingine la kuelewa: utando wa diazepamu si swichi ya taa. Dawa hufika kilele kwenye damu baada ya muda wa karibu saa moja, ingawa huanza kuingia mapema zaidi. Kwa hiyo unafaa sana kwa mtu ambaye mashambulio yake huja kwa mkupuo, moja baada ya jingine. Kwa shambulio refu lisilokatika, hospitali bado ni lazima.

"Usiweke kitu mdomoni": mbona hapa tunaweka?

Swali hili ni la haki. Kila mafunzo ya huduma ya kwanza yanasisitiza: mtu akianguka kifafa, usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Kijiko kimevunja meno ya watu wengi, na kidole chako nacho kinaweza kung'atwa. Mtu hawezi kuumeza ulimi wake, hilo ni jambo la kufikirika tu.

Sheria hiyo haijafutwa. Inahusu *kati ya meno*. Dawa ya shavuni, iwe majimaji au utando, inawekwa nje ya meno, katika nafasi kati ya fizi na shavu. Hufungui taya. Unavuta shavu kidogo kwa kidole, unaweka, unaachia.

Hata hivyo lazima mtu afundishwe na daktari au nesi kabla ya siku ya tukio, na atumie dawa aliyoandikiwa mgonjwa huyo kwa uzito wake.

Povu linaloogopwa

Kuna kizuizi kimoja ambacho hakuna maabara itakiondoa kwa kubadilisha polima.

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu wanaamini kwamba kifafa kinaambukizwa na mate au povu la mgonjwa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, zaidi ya miaka 60 iliyopita, alikuta hofu hiyo imejaa. Mgonjwa akianguka, hata motoni, wengine waliogopa kumgusa.

Ukweli ni kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kugusana. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, na inaweza kusababishwa na jeraha la kichwani, matatizo wakati wa kuzaliwa, malaria kali, minyoo ya nguruwe au kurithi. Huko Mahenge, wataalamu wamekihusisha pia na ugonjwa wa usubi.

Sasa fikiria: dawa bora ya shavuni inamtaka jirani aweke kidole mahali pale pale anapopaogopa kuliko pote. Utando unaweza kuwa umenata vizuri, umepita mitihani yote na uko mfukoni mwa mgonjwa. Asiyejua atasimama mbali na kutazama. Elimu kuhusu povu ni sehemu ya dawa.

Tahadhari

Diazepamu na midazolamu ni dawa za kundi moja, na zina hatari zake. Zikizidi, au zikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu, zinaweza kupunguza pumzi hadi mtu afe. Zikitumiwa mara kwa mara zinaleta uraibu. Kwa diazepamu ya dharura, maelekezo ya Marekani ni kutoitumia kwa zaidi ya tukio moja kila siku 5, wala matukio 5 kwa mwezi.

Kwa maana hiyo dawa ya shavuni haichukui nafasi ya dawa ya kila siku. WHO inakadiria kwamba kati ya watu milioni 50 wenye kifafa duniani, karibu asilimia 80 wako nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mashambulio wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Wengi wao wangesaidiwa na vidonge vya bei nafuu kama fenobabitoni, wakivipata na kuvimeza bila kuruka siku.

Kwa sasa ufanye nini?

Utando wa dharura bado si kitu cha kukuta kwenye duka la dawa la mtaani kwako. Lakini zile dakika 5 zipo leo. Mtu akianguka mbele yako:

• Angalia saa. Hilo ndilo jambo la kwanza, kwa sababu kila uamuzi unaofuata unategemea muda.

• Ondoa vitu vyenye ncha na moto karibu naye. Weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola au mtandio.

• Usimkandamize mikono na miguu. Usimtie kitu kati ya meno. Usimnyweshe maji.

• Mtetemeko ukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke na asipaliwe.

• Kama ana dawa ya dharura aliyoandikiwa na umefundishwa kuitumia, mpe kama ulivyoelekezwa.

• Likivuka dakika 5, likirudi kabla hajazinduka, au kama ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali. Mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Na kama nyumbani kwenu kuna mwenye kifafa, kliniki ijayo muulize daktari swali moja: "Akipitisha dakika 5, tumpe nini, na kwa njia ipi?" Ikiwa jibu ni njia ya haja kubwa, uliza kama midazolamu ya shavuni inapatikana. Kisha jibu hilo liandikwe kwenye karatasi, na nakala moja aipate mwalimu wake.